Usukani Mzito wa Trekta Kuukuu: Uchambuzi wa Mahali Presha Inapopotea

Swali na mahali pake

Uchambuzi huu unahusu swali moja: pale usukani unaosaidiwa na oili katika trekta dogo la zamani unapokuwa mzito, unapovuta upande au unapogoma kabisa, hitilafu itafutwe wapi kwanza, na kwa utaratibu gani? Katika mji wenye wakala wa kampuni iliyounda trekta hilo swali huenda lisiwe kubwa, kwa kuwa kifaa kinachoshukiwa huondolewa na kipya kikafungwa siku hiyohiyo. Katika Bomani, kata ya mjini Tarime, na katika vijiji vya wilaya za Tarime na Serengeti, hali ni nyingine: trekta linalofika gereji aghalabu limekwisha kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa, kitabu chake cha matengenezo kimepotea zamani, na kipuri chake hutafutwa Musoma, Mwanza au ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Kipuri kilichonunuliwa kwa kubahatisha kina nauli ndani yake, kina siku za kulima zilizopita bure, na mara nyingi ni fedha isiyorudi, maana kifaa cha haidroliki kikishafungwa na kulowa oili, ni shida kumpata muuzaji atakayekipokea tena.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba usukani mzito ni dalili, na ugonjwa wenyewe waweza kuwa mahali popote kati ya tairi la mbele na pampu. Fundi anayeanza kwa kuuliza ni kifaa gani kimekufa huishia kufungua pampu. Anayeanza kwa kuuliza presha inapotelea wapi huanza na magurudumu ya mbele, akafuata oili, kisha mipira inayopitisha oili na silinda, na hufika kwenye pampu mwisho, akiwa na ushahidi. Njia ya pili huonekana ndefu, lakini vituo vyake vya mwanzo havigharimu chochote zaidi ya jeki, kitambaa safi na muda.

Nyanda za juu za Tarime, ambazo mji wake uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni nchi ya Wakurya, ambako kilimo cha maksai na plau kimekita mizizi kiasi kwamba trekta, lilipofika, lilikuta mshindani. Jozi ya maksai hugeuka mwisho wa shamba kwa sauti na fimbo, na haina kipuri cha kusubiriwa kutoka Mwanza. Trekta lisilogeuka mvua za masika zikiwa zimeanza limekwisha kushindwa hata kama injini yake ni nzima. Ardhi nayo ina mchango wake. Vilima, mawe na barabara za changarawe huipiga ekseli ya mbele na kuijaza vumbi mifuniko ya oili, ilhali kusini mwa Mto Mara, kuelekea Mugumu, safari kati ya shamba na shamba huweza kuwa ndefu, na usukani unaocheza kwa mwendo wa barabarani ni hatari kwa wapita njia kuliko usukani ulio mzito tu.

Matrekta yanayohusika ni ya vizazi mbalimbali, na kila kizazi kina mpangilio wake wa usukani. Yapo ya Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, na ndugu zake waliofuata kama 240. Yapo yaliyounganishwa nchini, kama Valmet za Kibaha katika miaka ya 1980 na Ursus za asili ya Poland zilizounganishwa hapohapo miongo mitatu baadaye. Yapo ya Farmtrac kutoka India yaliyoletwa kupitia SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009. Na yapo matrekta madogo ya Kijapani, kama Kubota, Yanmar na Iseki, yanayoingia nchini yakiwa yametumika. Pawatila haliingii katika mjadala huu, kwa kuwa hugeuzwa kwa mikono ya klachi za pembeni bila oili yoyote.

Nguvu inavyozaliwa ndani ya oili

Msingi wa usukani wa haidroliki ni kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, hueneza msukumo huo sawasawa kila upande. Msukumo unaoangukia kila kipande cha eneo huitwa kanieneo katika vitabu vya shule, na presha katika gereji, nalo ndilo neno litakalotumika hapa. Presha hupimwa kwa bar, ambapo bar 1 ni karibu sawa na presha ya hewa kandokando ya bahari, au kwa psi, kipimo kilichoandikwa katika geji nyingi, ambapo bar 1 ni sawa na psi 14.5.

Hesabu ndogo huonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 40 ina pistoni yenye eneo la sentimita za mraba 12.6 hivi; oili ikiisukuma kwa bar 100, nguvu inayopatikana inalingana na uzito wa kilo 1,280, nayo inatosha kuyageuza magurudumu ya mbele yaliyozama katika udongo uliolowa. Pistoni hiyo ikirudi upande wa pili, shafti yake yenye kipenyo cha milimita 20 hula sehemu ya eneo, zikabaki sentimita za mraba 9.4, na nguvu hushuka hadi kilo 960. Kwa hiyo trekta lenye silinda moja yenye shafti upande mmoja huwa na nguvu pungufu kwa robo upande mmoja hata likiwa jipya. Presha ikishuka hadi bar 60, nguvu hizo huwa kilo 770 na kilo 580, na upande dhaifu ndio utakaoanza kushindwa. Mwendeshaji atasema trekta limekuwa zito kukata kushoto tu, na fundi atatafuta kasoro ya upande wa kushoto, kumbe mfumo mzima umeishiwa presha na upande wa kushoto umetangulia kulalamika.

Historia ya matumizi ya kanuni hiyo katika usukani ni fupi. Mhandisi wa Marekani Francis Davis alifunga mfumo wake katika gari la Pierce-Arrow katikati ya miaka ya 1920, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikauza kwa umma gari la kwanza lenye msaada huo. Upande wa mitambo ya kilimo, hatua kubwa ilikuwa kifaa cha Mmarekani Lynn Charlson, ambacho kwa alama yake ya biashara, Orbitrol, kimewapa mafundi neno obitroli.

Mipangilio mitatu

Kabla ya kupima chochote ni lazima ijulikane trekta lina mpangilio upi, kwa kuwa dalili ileile huwa na maana tofauti katika kila mpangilio. Wa kwanza ni usukani wa kimakanika, ambapo sanduku la gia na fimbo za chuma hufanya kazi yote. Massey Ferguson 135 nyingi ziliuzwa hivyo, na usukani wa oili ukawa nyongeza kwa aliyeilipia. Kuna matrekta yaliyopelekwa kwa fundi ili usukani wake wa oili utengenezwe, ilhali hayajawahi kuwa nao.

Mpangilio wa pili ni usukani uliosaidiwa, ambapo fimbo za chuma bado zimeunganisha usukani na magurudumu, ila kuna vali ya kuongoza oili na silinda inayosukuma pembeni. Mwendeshaji akikata, mvutano wa fimbo husogeza kijiti cha ndani ya vali kwa kiasi kidogo, oili ikafunguliwa njia ya kwenda silinda. Oili ikikosekana, trekta bado hugeuka kwa nguvu za mikono. Kasoro yake ya pekee ni kijiti hicho kutokaa katikati: trekta huvuta upande lenyewe injini inapowashwa, na huacha kuvuta injini inapozimwa.

Mpangilio wa tatu, ambao ndio wenye utata mkubwa, hauna fimbo yoyote kati ya usukani na magurudumu. Chini ya usukani kuna obitroli, na kutoka kwayo hutoka mipira miwili ya presha kuelekea silinda. Ndani ya obitroli kuna mabomba mawili yaliyoingiliana na kuunganishwa na springi nyembamba, na chini yake kuna gia mbili, moja ndani ya nyingine, ambapo ya ndani kwa kawaida ina meno sita na ya nje ina nafasi saba. Usukani ukizungushwa, bomba la ndani hutangulia lile la nje kwa nyuzi chache, matundu hulingana, oili hupita kwenye gia, na gia huipima kabla ya kuipeleka kwenye silinda. Usukani ukisimama, springi huyarudisha mabomba mahali pake na njia hufungwa. Injini ikizimika, gia hizohizo hugeuka pampu ya mkono, ndiyo maana trekta lililovutwa bado linaweza kukatwa, ingawa kwa jasho.

Jambo jingine la kujulikana mapema ni chanzo cha oili. Katika Massey Ferguson nyingi zenye injini ya Perkins, pampu ya usukani huendeshwa na gia za mbele za injini na huwa na tangi lake dogo. Katika matrekta mengine madogo pampu huzungushwa kwa mkanda. Na katika mengine oili huchotwa kutoka kwenye sanduku la gia na kutumika pia kuinua mikono mitatu ya nyuma inayobeba plau. Pale oili inapotumiwa na pande zote mbili, ulinganisho rahisi hutoa jibu la haraka: mikono ya nyuma ikinyanyua vizuri na usukani peke yake ukiwa mzito, chanzo cha oili hakina hatia kubwa; vyote viwili vikilegea kwa wakati mmoja, hitilafu iko kwenye chanzo, na hakuna sababu ya kuigusa obitroli.

Ekseli ya mbele kabla ya oili

Msaada wa oili una tabia ya kuficha maradhi ya ekseli. Kingpini, yaani nguzo ya chuma ambayo gurudumu huizunguka linapokatwa, inaweza kukauka grisi msimu mzima bila mwendeshaji kuhisi kitu, kwa kuwa oili hulipia uzembe huo kwa nguvu zake. Siku presha inapopungua kidogo tu, deni lote hudaiwa pamoja, na pampu ndiyo inayolaumiwa. Vivyo hivyo kwa tairi za mbele zilizopungua upepo, tairi pana kuliko zile zilizokusudiwa, pini ya katikati ya ekseli iliyojaa kutu, na viungo vya ncha za tairodi, yaani fimbo zinazounganisha magurudumu ya mbele, vilivyoshikana.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na kipimo cha ekseli ni cha kuinama kweli. Trekta huwekwa mahali tambarare, magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa kabari, ekseli ya mbele huinuliwa kwa jeki na kuegeshwa juu ya magogo imara, kisha pini inayounganisha silinda na mkono wa gurudumu huchomolewa. Magurudumu sasa yameachana na oili kabisa, na mtu mmoja akiyasukuma kwa mkono yanapaswa kwenda kutoka ukomo hadi ukomo bila kukwama. Yakigoma, au yakipita kwa mikwaruzo, ugonjwa umepatikana kabla ya nati yoyote ya haidroliki kufunguliwa; tiba yake ni kusafisha, kubadilisha bushi na kurudisha grisi hadi ile ya zamani itoke nyeusi pembeni. Yakienda kwa ulaini, uchunguzi una haki ya kuingia ndani ya oili.

Ipo pia hali iliyo kinyume, ambapo usukani ni mwepesi mno na trekta halifuati linapoelekezwa. Plau ya sahani ikiwa nzito na kilima kikiwa kikali, uzito huhamia nyuma na magurudumu ya mbele huelea juu ya udongo. Mfumo wa oili hauna kosa hapo, na dawa ni kuongeza vyuma vya uzito mbele au kupunguza mzigo nyuma.

Oili inavyojieleza

Oili iliyochukuliwa kwenye tangi na kumiminwa ndani ya chupa ya kioo husema mengi kwa dakika kumi. Ikitoka na povu, kisha povu likapanda juu na chini kukabaki safi, hewa inaingia upande wa mfyonzo, yaani kati ya tangi na pampu, ambako mpira uliolegea hauvujishi oili nje bali huvuta hewa ndani, na kwa sababu hiyo hakuna doa la oili linaloweza kumwongoza fundi. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa na ikabaki hivyo, ina maji, ambayo mara nyingi huingia kwa mfuniko uliopasuka trekta likilala nje msimu wa mvua. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, imepikwa na joto. Chembe zinazometameta chini ya chupa ni chuma cha pampu au obitroli, na hapo kubadilisha oili bila kutafuta chanzo cha chembe ni kuahirisha gharama.

Aina ya oili nayo huleta ugonjwa wake. Uzito wa oili za haidroliki hutajwa kwa namba kama 46 na 68, ambazo ni kipimo cha unato wake katika nyuzi 40 za Selisiasi, na kadiri namba inavyopanda ndivyo oili inavyokuwa nzito. Baadhi ya matrekta hutaka oili nyekundu ya gia za kujiendesha, mengine oili ya pamoja ya gia na haidroliki, na anayejaza bila kujua huweza kuchanganya mbili zisizopatana. Kosa baya kuliko yote ni kujazia mafuta ya breki, ambayo huzivimbisha na kuzilainisha sili za mpira zilizotengenezwa kwa ajili ya oili ya madini. Siku chache baadaye mfumo mzima huanza kuvuja kwa pamoja, na seti ya sili na oringi ambayo madukani huitwa ripea kiti hununuliwa kwa kila kifaa.

Saa ya siku ni kipimo kisicho na bei. Usukani ulio mzito asubuhi ya baridi na ukalainika jua linapopanda unaonyesha oili nzito kupita kiasi, au kichujio kilichoziba ambacho oili baridi haikipenyi, na pampu kwa kawaida hulia kwa sauti nyembamba wakati huo. Usukani ulio mwepesi asubuhi na ukawa mzito saa sita mchana unaonyesha kinyume chake: oili iliyopata joto imekuwa nyepesi na inapenya kwenye nafasi zilizolika ndani ya pampu, silinda au obitroli. Mwendeshaji anayeulizwa swali hilo moja tu, kabla trekta halijaguswa, humpunguzia fundi nusu ya kazi.

Mwendo wa injini hutoa ushahidi wa namna hiyohiyo. Usukani ukiwa mzito injini inapozunguka polepole, kisha ukalainika inapoongezwa mafuta, kinachokosekana ni wingi wa oili, na shaka huelekea kwenye pampu iliyolika, mkanda unaoteleza au uvujaji wa ndani. Ukiwa mzito sawasawa katika mwendo wowote, wingi unatosha lakini presha haipandi au mzigo ni mkubwa mno, na shaka huhamia kwenye vali ya kuachia presha, ambayo ni vali ndogo ya springi inayofunguka presha inapofika ukomo ili mipira isipasuke. Kipande kidogo cha uchafu kikiishikilia vali hiyo wazi, oili yote hurudi kwenye tangi bila kufanya kazi, na pampu nzima huonekana kama imekufa.

Geji na vizibo viwili vya chuma

Baada ya hatua hizo ndipo geji ya presha inapohitajika. Hufungwa kwa kiungo cha njia tatu kati ya pampu na vali au obitroli, oili ikishapata joto la kazi, na usukani hukatwa hadi ukomo na kushikiliwa hapo kwa sekunde chache tu, kwa kuwa kuushikilia muda mrefu huichemsha oili. Namba inayosomeka ndiyo presha ya juu kabisa ambayo mfumo unaweza kuitoa. Ukomo huo hutofautiana kati ya trekta na trekta, na kitabu cha trekta ndicho chenye neno la mwisho. Presha ikifika panapotakiwa na usukani bado ukawa mzito, pampu imejitetea, na fundi hurudi kwenye ekseli. Presha isipofika, swali linabaki kuwa moja: inapotelea wapi?

Hapo hutumika vizibo viwili vya chuma vyenye nyuzi zinazolingana na matundu ya obitroli. Injini huzimwa, usukani huzungushwa pande zote ili presha iliyobaki itoke, mipira miwili inayokwenda kwenye silinda hufunguliwa, na matundu yake hufungwa kwa vizibo. Injini ikiwashwa tena na usukani ukasukumwa taratibu, unapaswa kukaza kama uliogonga ukuta, na geji ipande hadi ukomo. Ikiwa hivyo, obitroli, pampu na vali ni nzima, na kosa ni la silinda, ambayo sili za pistoni yake zimelika na oili inapita kutoka upande huu hadi ule bila tone kuonekana nje. Usukani ukiendelea kuzunguka licha ya vizibo, na presha ikabaki chini, silinda imeachiwa huru na shaka iko nyuma yake. Kipimo hiki, ambacho hakizidi saa moja, ndicho kinachotenganisha kazi ya sili chache na kazi ya kifaa kizima, na kukiruka ndiko kunakofanya gereji bubu zisizo rasmi na gereji kubwa zifanane kwa hasara.

Pampu yenyewe hupimwa mwisho, kwa kubana njia yake kidogo kidogo kwa koki huku geji ikitazamwa, na hapa tahadhari ni ya lazima. Katika matrekta mengi vali ya kuachia presha imo ndani ya obitroli, si ndani ya pampu. Pampu ya namna hiyo ikizibwa kabisa haina pa kupumulia, na hupasua mpira au nyumba yake kwa kufumba na kufumbua. Tahadhari ya pili inahusu mwili wa binadamu: tundu dogo kama la sindano katika mpira wa presha hurusha oili yenye uwezo wa kupenya ngozi, na jeraha lake, ingawa mwanzoni huonekana kama mchubuko, linahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja.

Dalili zinazopotosha

Zipo dalili chache zinazostahili kuelezwa peke yake kwa sababu huelekeza lawama mahali pasipo pake. Mpira wa zamani unaweza kuwa mzima kwa nje huku utando wake wa ndani umebambuka na kuning'inia kama kigozi cha vali. Oili hupita ikienda na huzuiwa ikirudi, na trekta huwa zito upande mmoja tu. Silinda hufunguliwa, obitroli hubadilishwa, na mpira wa bei ndogo hurudishwa mahali pake pamoja na ugonjwa wake.

Usukani usiorudi katikati, au unaoendelea kuzunguka kidogo baada ya mkono kuacha, humaanisha springi za obitroli zimevunjika au nguzo ya usukani imekandamizwa isivyo kiasi. Usukani unaozunguka wenyewe kwa kasi mara tu injini inapowashwa baada ya matengenezo una sababu mahususi: gia ya ndani imerudishwa bila kulinganishwa na mhimili wake, na kwa hiyo oili huiendesha kama mota. Trekta linalokwenda kulia linapokatwa kushoto limebadilishiwa mipira miwili. Makosa haya mawili ya mwisho hayatokani na uchakavu hata kidogo, na dawa yake ni alama ya rangi au mkwaruzo mdogo unaowekwa kabla ya kifaa kufunguliwa.

Mtikisiko na mikatiko baada ya matengenezo mara nyingi ni hewa tu. Hutolewa kwa kujaza tangi, kuinua magurudumu ya mbele, kuiacha injini izunguke polepole na kukata usukani taratibu kutoka upande hadi upande mara kadhaa bila kuubana kwenye ukomo, huku oili ikiongezwa kila inaposhuka.

Kutengeneza, kubadilisha au kurudi nyuma

Ugonjwa ukishajulikana, uamuzi wa tiba huongozwa na hali ya chuma kuliko hali ya sili. Silinda ambayo shafti yake ina ngozi laini ya kromu hufaa kubadilishiwa sili. Shafti ikiwa na kutu iliyochimba, sili mpya zitakatwa ndani ya wiki chache, na ni heri shafti ikerezwe upya kwa fundi wa mashine, kazi inayowezekana katika miji ya kanda. Obitroli na pampu zina hesabu nyingine, kwa kuwa nafasi kati ya sehemu zake ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu na haziwezi kurejeshwa kwa kulehemu wala kwa kusugua. Zikiwa na mikwaruzo inayoshikwa na ukucha, ripea kiti haitazifufua. Ipo pia njia ya kuung'oa mfumo wa oili na kurudisha sanduku la gia la kimakanika. Kwa trekta jepesi linalovuta tela barabarani njia hiyo yaweza kutosha, lakini kwa lenye kifaa kizito mbele humchosha mwendeshaji na kuitwisha ekseli mishtuko ambayo oili ilikuwa ikiifyonza.

Taasisi zenye dhamana ya ujuzi huu zipo: VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ufundi wa mitambo, na CAMARTEC ya Arusha ina jukumu la kupima zana za kilimo. Hata hivyo trekta la Nyamwaga wilayani Tarime au la Mugumu wilayani Serengeti hutengenezwa na fundi aliye karibu, na kwa hiyo ubora wa matengenezo utaamuliwa na utaratibu wa fundi huyo. Geji moja ya presha, kiungo cha njia tatu na vizibo viwili vya chuma havifikii bei ya pampu moja iliyonunuliwa kwa makosa, na vinaweza kumilikiwa kwa pamoja na gereji kadhaa za Bomani.

Kinachokosekana zaidi ni kumbukumbu. Trekta lililo zima likipita gereji kwa kazi nyingine, presha yake ya usukani inaweza kupimwa kwa dakika chache na kuandikwa pamoja na aina ya trekta, aina ya oili na joto la siku. Matrekta kumi yakishapimwa hivyo, fundi atakuwa na namba za kulinganisha siku trekta la aina ileile litakapoletwa likiwa gonjwa. Kitabu kilichopotea na mmiliki wa kwanza hakitarudi. Daftari la gereji laweza kushika nafasi yake, na ukurasa wake wa kwanza uandikwe sasa, kabla mvua hazijaanza.